Mizani ya Ndau

Sanduku langu lina mahameli ndani kama la vito,
lakini ni mawe: la kumi, la tano, mawili ya mbili, la moja,
shaba tupu, haliguswi kwa mkono wa jasho.
Lali Bunu huniweka katikati ya boti,
si kwa heshima. "Ukikaa tezi," asema,
"injini itakunywa maji."

Tumeuwahi Mkanda maji yangali yamejaa.
Mikoko imesimama pande zote mbili kama watu
waliosikia kwamba serikali inapita.
Nusu saa nyingine, asema Lali, hapa ni njia ya kaa.

Mtangawanda. Pate mjini. Siyu, sanduku juu ya punda
asiyejali kilo ni nini, mradi zisizidi.
Habari yangu hunitangulia kila kisiwa
(wao wana simu, mimi nina boti)
nikifika nakuta mizani zimefutwa vumbi,
zinameremeta kama watoto wa Idi.
Na bado.
Faza, mwenye duka anakula yamini kabla sijamuuliza.
Nageuza jiwe lake: tako limechimbwa,
limezibwa kwa nta ya mshumaa.
Gramu sitini. Nalitia guniani pamoja na wenzake.
Kizingitini, kwa wanunuzi wa pweza,
sahani moja ina sumaku chini, kazi ya fundi hasa,
nusura nimsifu.

Halafu Ndau.
Ndau ni duka moja kwangu, na duka ni Shangazi Somoe.
Sikumwambia nakuja. Aliambiwa.
Chai ya tangawizi, mkate wa sinia, na kaunta ile ile
nilikofundishwa kuhesabu kwa peremende
ambazo hadi leo sijazilipa.

Naliweka jiwe lake huku, langu kule.
Langu likapanda.
Nikapuliza sahani. Nikangoja.
Langu likabaki hewani kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Gramu arobaini, na zote za mteja.
Sheria haiulizi kosa linamfaa nani.

Nikaligeuza. Chini yake, chaza,
gamba limeshikana na chuma hata hujui kipi kilianza.
Nikakumbuka: mwaka ule boti ya bidhaa ilipopinduka,
unga, sukari, mafuta, vyote vikaenda,
na baada ya miezi saba wanawake waokota kombe
wakaja na kitu kizito ndani ya kikapu.

Nikatoa patasi.
Shangazi hagombi kwa maneno ya kawaida.
Alifuta mikono kwenye leso, akatazama mlangoni, akasema:

*Bahari ilichukua, mali yangu ya dukani,*
*Jiwe likanirudia, lina chaza mgongoni,*
*Nami wakinijilia, wenye njaa mlangoni,*
*Ziada nawagaia, iache hapo, mwanangu, jiweni.*

Mimi na mazoea yangu. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza.
Kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita,
na mstari wa nne umezidi mizani tatu.
Neno moja tu, ukilitoa beti inakaa sawa.
Nililitafuta mahali pa kulikata.
Patasi ilikuwa mkononi bado.

Kwenye daftari niliandika: Ndau, jiwe la kilo moja, limekaguliwa.
Sikuandika limeonekanaje.
Muhuri sikupiga. Nilijidai wino umekauka,
na Shangazi, ambaye aliuona umelowa,
akanifungia kipande cha mkate njiani.

Tulirudi tumechelewa.
Mkanda ulikuwa umeanza kuonyesha mifupa yake.
"Ndau vipi?" akauliza Lali, macho kwenye maji.
"Sawa sawa," nikasema. "Haizidi, haipungui."
Boti ikakwama hapo hapo.

Tukashuka, tope hadi magotini,
yeye akisukuma na kucheka asijue anachocheka,
mimi na sanduku kichwani:
mawe ya kilo ishirini kamili,
niliyapima mwenyewe asubuhi,
na shingo yangu ikiapa kwamba yameongezeka.